Ingia, Kaa, Kidevu Juu

Watu walikuwa wanaukwepa mwanga. Hilo ndilo jambo la kwanza mpiga picha aliloliona pale uchochoroni, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mwenye papara, hakujiuliza kwa nini.

Kila alasiri jua lilipenya kati ya majengo mawili likamwaga kipande cha mwanga kwenye ukuta wa ghala la nyama lililofungwa zamani. Kilikuwa na ukubwa wa mlango, kingo zake zimenyooka kana kwamba fundi alizipigia rula. Uchochoro wenyewe haukukosa watu. Wachukuzi walipita na magunia, kina mama na vikapu, watoto wa shule na kelele zao. Lakini wote, wakifika pale, walipinda. Hakuna aliyeutazama ukuta wala aliyesita. Miguu tu ndiyo iliyojua, ikauzunguka ule mwanga kama unavyozunguka dimbwi la maji machafu. Hata mbwa alizunguka.

Mpiga picha alikaa ng'ambo na kamera yake, akiumia moyo. Mwanga wa namna ile watu huusubiri mwaka mzima, na huu ulikuwa unaharibika bure kila siku mbele ya macho yake.

Mtaani walimwita Kidevujuu. Jina alilipata kwa kazi. Tangu ujana wake alikuwa na studio ya picha za pasipoti na vitambulisho, chumba cha mbele cha nyumba yake: shuka jeupe ukutani, kigoda cha mbao katikati, na wimbo ule ule kwa kila aliyefungua mlango. "Ingia. Kaa. Kidevu juu." Watoto walimwigiza, walevi walimwigiza, na siku ya harusi yake jamaa walimpigia bibi harusi kelele hiyo mpaka akacheka na machozi yakamtoka. Kisha simu zikaja. Kila mtu akawa mpiga picha wa sura yake mwenyewe, na kigoda kikaanza kushika vumbi.

Ndipo alipoamua kujifunza picha za mtaani, na mwalimu hakuwa mbali. Shangazi wa mkewe alikuwa mpiga picha wa gazeti mpaka nyonga ilipomkatalia. Alikuwa mwanamke wa chai isiyo na sukari na maneno yasiyo na sukari vilevile, na hakuwahi kumvika mtu kilemba cha ukoka.

"Mkwe, hizi si picha za mtaani," alimwambia mara ya kwanza, akizitawanya mezani kama karata mbovu. "Hizi ni pasipoti za watu waliosimama nje."

"Niliwaomba wasimame vizuri tu, shangazi."

"Ndio ugonjwa wako huo. Unawapanga watu. Mtaani hupangi mtu. Tafuta mwanga, tafuta ukuta, halafu ngoja. Atakayepita ndiye riziki yako, asiyepita si wako. Na huo mdomo ufunge. Ukishamwambia mtu akae, picha imekufa."

Sebuleni kwake kulikuwa na ukuta mmoja wenye picha, zote zake, zile ambazo nyumba ikiungua angetoka nazo kabla ya viatu. "Siku nitakayoshusha yangu nikatundika yako," alisema, "siku hiyo nitawapigia simu kule gazetini niwaambie nina mtu." Kidevujuu hakutaka kitu kingine duniani. Alikuwa na mke, alikuwa na nyumba yenye studio iliyokufa, na alikuwa amechoka kuwa kichekesho cha mtaa.

Basi akangoja pale ghalani. Siku moja, ya pili, ya tatu. Watu wakapinda. Na mazoea yana taabu. Siku hiyo ya tatu, jicho likiwa kwenye kamera na subira imemwishia, ulimi wake ukajisemea wenyewe, kwa sauti ya chini, maneno uliyokuwa ukiyasema maisha yake yote.

"Ingia," alinong'ona. "Kaa. Kidevu juu."

Kelele za uchochoro zikafifia kidogo, kama redio iliyopunguzwa. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita puani mwake. Mchukuzi mmoja, kijana wa mabega mapana aliyekuwa ameshaanza kupinda, akaingia kwenye mwanga kwa hatua ya kando, kama mtu aliyesukumwa. Akasimama. Gunia likamteleza begani, na kidevu chake kikapanda, polepole, mpaka koo lote likawa wazi juani.

Kidevujuu akafyatua.

Mchukuzi akapepesa macho, akaokota gunia, akatazama nyuma. "Nani kanishika?" aliuliza.

"Hakuna aliyekushika, ndugu yangu."

"Kuna mtu kanishika hapa." Alijisugua taya, akaondoka akiwa bado anageuka geuka.

Shangazi aliipokea ile picha, akaisogeza karibu na dirisha. Kisha akajikongoja hadi ukutani, akashusha picha yake ya mwanamke anayefua baada ya mafuriko, akaitundika hii.

"Kingo za picha umezikagua?"

"Nimezikagua, shangazi."

Alikuwa ameziona kingo, na kingo hazikuwa na tatizo. Chini ya taya la mchukuzi ndiko kulikokuwa na vivuli vinne vyembamba vilivyojipanga vizuri sana. Alijiambia ni kola ya shati. Alirudi nyumbani anatembea kama ardhi imemwazima mgongo wake, na usiku ule alimsimulia mkewe habari ya ukuta wa shangazi mara mbili, na mkewe akafurahi mara zote mbili.

Wiki haikuisha, mkewe akaja na habari nyingine kutoka kisimani.

"Yule mchukuzi uliyempiga picha," alisema, akitua ndoo. "Wamemkuta chumbani kwake, kichwa kimepinduliwa nyuma ukingoni mwa kitanda. Taya limevunjika pande mbili. Meno yamejaa mdomoni kama punje."

"Amekufa?"

"Afadhali angekufa. Anakunywa maji kwa kitambaa. Na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani."

"Maskini," alisema Kidevujuu. Kesho yake alasiri alirudi ghalani na kamera. Ningependa kumtetea hapa, lakini sina la kumtetea. Alijua, na alikwenda. Alijua kama unavyojua mguu una mwiba kabla hujautazama, na bado alikuwa anaufikiria ule ukuta wa sebuleni na nafasi zilizobaki.

Akasema maneno yake. Safari hii hakuweza kusingizia ulimi.

Aliyekuwa anapita alikuwa mnoa visu, mzee mchangamfu aliyesukuma baiskeli yenye jiwe la kunolea, anayejulikana kwa kutania wake za watu. Alikuwa anaimba. Aliingia kwenye mwanga akiimba, na wimbo ukakatika katikati ya neno. Baiskeli ikaanguka. Kidevu kikapanda, kikafika pale kilipofika cha mchukuzi, na hakikusimama, kikaendelea kupanda, mishipa ya shingo ikachomoza kama kamba za kuanikia nguo, mzee akitupa mikono nyuma kumtafuta anayemshika na mikono ikikamata hewa, visigino vikichimba vumbi, macho yakimtafuta Kidevujuu kwa pembeni yakimwomba afanye jambo, jambo lolote, na kichwa kikazidi kurudi nyuma mpaka ngozi ya koo ikachanika chini ya taya na damu ikaruka ukutani, kisha kukasikika mlio mmoja mkavu, kama kijiti cha kuwashia moto kinapovunjwa gotini.

Na kidole cha Kidevujuu, muda wote huo, kilikuwa kinafyatua.

Watu walipojaa walisema mzee ameteleza akaangukia jiwe lake. Hakuna aliyemuuliza mwenye kamera, kwa kuwa mwenye kamera alikuwa keshaondoka. Alitapika njiani. Aibu ilimpanda mwilini kama homa, na hakujua ampelekee nani isipokuwa yule mmoja aliyemfundisha.

Shangazi alizitazama picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera, moja baada ya moja, miwani imeshuka puani. Ya kwanza: vidole, virefu, vyenye kiungo kimoja zaidi ya vya mtu. Ya pili: kiganja na kifundo cha mkono, ngozi yake nyeusi yenye magamba ya kuungua. Ya tatu hakutaka kuitazama mara mbili. Nyuma ya bega la mnoa visu kulikuwa na uso. Haukumtazama yule aliyekuwa anauawa. Uliitazama lenzi, umetulia, umenyooka, kidevu juu, kama mteja mzuri aliyekwisha kulipa.

"Mkwe," alisema, sauti imeshuka. "Pale ghalani ulisema nini?"

"Sikusema kitu, shangazi."

"Usinifanye mtoto mdogo. Hiki kitu kimekaa mkao wa studio. Ulikiambia nini?"

Akamwambia. Shangazi akafumba macho.

"Nilikuambia ufunge mdomo. Nilidhani nakufundisha picha tu." Alivuta pumzi. "Sasa nisikilize. Ulikiambia kiingie. Uchochoro hauna mlango, hapo kingeingia wapi? Ukakiambia kikae. Ghalani kuna kiti?"

"Hakuna."

"Kwako?"

Kidevujuu akakifikiria kigoda chake. Alikumbuka kwamba tangu wiki ile kigoda cha studio hakikuwa na vumbi, na asubuhi akikigusa kilikuwa na joto, na alidhani mkewe ndiye anayekipangusa na kukaa hapo kupumzika. Usiku kulikuwa na sauti ya mbao ikilia, kwii, kwii, kama mtu anajiweka sawa, na alijiambia ni panya. Na mkewe, kila alipofungua madirisha ya studio, alikuwa na tabia aliyokuwa nayo tangu siku za mwanzo za ndoa yao, ya kukaa pale mbele ya shuka ili mumewe apime mwanga.

Alimpigia mkewe simu. Iliita mpaka ikakatika. Akakimbia.

Mlango wa studio ulikuwa wazi na harufu ya nywele zilizoungua ilimpokea barabarani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, mikono magotini, kitambaa cha kupangusia kimeanguka miguuni. Kidevu kilikuwa juu. Alikuwa anatoa sauti ndogo puani, sauti ya mtu anayetaka kusema jina.

"Mke wangu, shuka. Shuka hapo."

Macho yake yakamgeukia. Ndicho kitu pekee kilichoweza kugeuka. Akamrukia, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akavuta chini, na kile kilichokuwa kikimshika kikavuta juu, na kwa mara ya kwanza Kidevujuu akazigusa nguvu zake: hazikuwa na hasira wala haraka, zilikuwa na uvumilivu tu, kama za mpiga picha anayengoja mteja akae vizuri. Taya la mkewe likatoka mahali pake kwa mlio ambao hakuusahau. Mkewe akapiga ukelele kooni. Kidevujuu akapiga ngumi hewani, ngumi ikakutana na kitu kigumu na cha moto, na kitu hicho kikamshika kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile cha kufyatulia, kikakikunja nyuma mpaka kikalala juu ya mgongo wa kiganja. Alianguka. Akainuka. Akamkumbatia mkewe kiunoni, akabaki amemng'ang'ania, akilia, akisema samahani, samahani, samahani, na kidevu kikazidi kupanda.

Shangazi alifika kwa gari la kukodi pamoja na mwanamke mmoja mfupi, mnene, aliyeshika mfuko wa vitambaa. Alikuwa mwosha maiti. Kazi yake ilimfanya awe mpole na wa maneno machache, na alipoona kilichokuwa pale hakupiga kelele. Alisogea, akakagua, kama fundi anayeangalia bomba linalovuja.

"Kila maiti huja kwangu mdomo wazi," alisema. "Mimi kazi yangu ni kufunga taya likatulia. Wewe baba, simama. Acha kulia."

Akachomoa kitambaa kirefu cheupe, akakipitisha chini ya taya la yule mke, juu ya vidole visivyoonekana, akakivuta kupita masikioni hadi utosini, akafunga. Kitambaa kikaanza kutoa moshi. Akafunga cha pili juu yake. Mwanamke kwenye kigoda akatetemeka mwili mzima na kioo cha dirisha kikapasuka kikamwagika chumbani.

"Sasa," alisema mwosha maiti, uso umelowa jasho, mikono bado imekaza fundo, "mwenye nyumba ni wewe. Aliyekikaribisha ndiye akitoe. Yageuze maneno yako."

Kidevujuu alifungua mdomo. Mkono wa moto ukamshika taya, ukaanza kuinua. Alisema kwa meno yaliyofungwa, damu ikimtoka ulimini.

"Kidevu chini."

Kigoda kikaruka kikagonga dari.

"Inuka."

Shuka jeupe likavimba, likajaa umbo la mtu mrefu aliyesimama nyuma yake, likachanika katikati toka juu mpaka chini.

"Toka. Toka kwangu."

Upepo wa joto ukampita shingoni, mlango ukajibamiza mara moja, na harufu ikaisha. Mkewe akaangukia mikononi mwake, mzito, akiwa hai. Kidevujuu alimshika hivyo mpaka giza likaingia, na hakuona haya kulia mbele ya wanawake wawili.

Mwosha maiti alikichoma kigoda uani pamoja na vipande vya shuka. Kabla ya kuondoka akamvuta Kidevujuu pembeni.

"Kimetoka," alisema polepole. "Sikusema kimekwenda. Kiko mlangoni kama mteja yeyote, kinangoja kuitwa. Maneno yale yasisemwe tena hapa kwako. Si na wewe, si kwa mzaha. Hata moja lisisemwe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Na alielewa kweli. Kamera alimwachia shangazi, na shangazi akaishusha ukutani ile picha ya mchukuzi, akaichoma, akamrudisha mwanamke wake wa mafuriko. Mlango wa studio ukafungwa kwa komeo. Kidevujuu akajifunza kuishi na maneno machache. Mkewe alikaa chumba cha ndani, taya limefungwa kitambaa, akinywa supu kwa kijiko, na yeye ndiye aliyemnywesha kwa mkono wa kushoto. Taratibu uvimbe ukapungua. Asubuhi moja akatabasamu kidogo upande mmoja, akasema kwa shida, "Supu yako haina chumvi," na Kidevujuu akacheka mpaka akalazimika kuweka bakuli chini. Siku hiyo alimfungua kile kitambaa, na kwa furaha akafungua na mlango wa mbele, hewa iingie.

Majirani walikuwa wamehuzunika sana kwa ajili yao. Mlango ulikuwa umefungwa siku nyingi, na mtaa ulikuwa umekosa mtu wa kumtania. Walipouona wazi, wakaja kwa wingi, wema watupu, wamebeba hiki na kile, wakasimama kizingitini.

"Hodi! Kidevujuu!"

Alikuwa na kijiko mkononi. Akaganda.

"Kidevujuu, mgonjwa anaendeleaje?" aliita mwingine kwa furaha. Watoto nyuma yake wakadakia, kama walivyodakia miaka yote, wakiliimba lile jina kwa sauti moja. "Ki-de-vu-juu! Ki-de-vu-juu!"

Hakuwahi kuwakataza. Halikumjia kabisa akilini, kwa kuwa mtu hasikii jina lake kama maneno. Mtaa mzima ulikuwa nalo mdomoni, na lilikuwa likitamkwa kwenye kizingiti cha mlango wake.

"Usiwajibu," mkewe alinong'ona, rangi imemtoka usoni. "Wafukuze. Tafadhali, wafukuze."

"Nyamazeni," Kidevujuu alisema, lakini sauti haikutoka. "Nendeni, nawaomba."

"Anasemaje huyo?" mtu aliuliza nje, akicheka. "Kidevujuu, tunaingia bwana, tukae kidogo na mgonjwa."

Nywele zilizoungua. Ilitangulia harufu, kisha mlio mdogo, kwii, wa kitanda alichokalia mkewe, kama kuna mtu wa pili aliyekaa nyuma yake. Macho ya mkewe yakajaa machozi, yakaanza kupanda kuelekea dari. Kidevujuu akatupa kijiko, akanyoosha mikono yote miwili, mzima na mbovu, akamshika mkewe chini ya kidevu ili akizuie, na vidole vyake vikakuta vingine vimeshatangulia.